Natoka CoD Mobile, nina PC na hela ya gemu moja tu: Battlefield 6, Black Ops 7 au Doom?

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro, nalifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Nimecheza Call of Duty Mobile tangu nipo sekondari na nimefika Legendary, ngazi ya juu kabisa, misimu mingi. Mwaka huu nimejikusanya nikanunua desktop, i5-10400F, RTX 3060, RAM 16, SSD ya GB 512, nyumbani tuna fayiba ya Mbps 20. Nina hela ya gemu moja. Mshkaji mmoja anasema chukua Black Ops 7 kwa sababu CoD naijua, mwingine anasema CoD imekufa chukua Battlefield 6, wa tatu anasema Doom mpya ndio gemu ya kweli. Halafu nasikia hizi gemu mpya zinagoma kufunguka kwenye PC za Kariakoo. Nifanyeje?"

Salama kabisa mdogo wangu, na hongera kwa mashine, hiyo 3060 bado ina maisha marefu kwa mtu anayecheza 1080p. Jibu langu ni Battlefield 6. Ila usiilipie leo, kuna kitu cha kufanya kwanza ambacho ni bure na nitakieleza huko chini, kwa sababu hizi gemu tatu zote zilitoka na bei ileile, dola 69.99, kwa hela yetu ni kama laki na sabini, na hiyo sio hela ya kujaribia bahati kwa kijana anayejikusanya.

Washkaji wako wote watatu wana hoja ila hakuna hata mmoja aliyekuuliza mechi zako zitachezwa kwenye seva ya wapi, yaani kompyuta inayoendesha mechi. Hapo ndio pa kuanzia. Jamaa wa Marekani au Ulaya wanaorivyu hizi gemu YouTube wanacheza na pingi (milisekunde ambazo taarifa inatumia kwenda kwenye seva na kurudi) ya 15, 20, seva ipo mji wa pili, kwa hiyo wanachokisifia na wanachokilaumu kinatoka kwenye mazingira ambayo wewe na mimi hatuna. Mwanga ndani ya nyaya za fayiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake kila umbali wa kilomita 1,000 unakukata milisekunde 10 kwenda na kurudi. Johannesburg kutoka kwetu ni kama kilomita 2,400 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hata mtandao ungekuwa wa peponi huwezi kushuka chini ya 24 au 25. London ni kama 7,500, hapo ni 75 kabla hujaanza. Na nyaya hazinyooki, zinatoka Dar zinapanda na bahari, zinapita Bahari ya Shamu, Misri, Mediterania, halafu kuna maruta njiani, ndio maana ukiunganishwa Ulaya kuona 140 au 150 ni kawaida kabisa na sio kwamba mtandao wako ni mbovu. Ongeza siku ambazo waya wenyewe umekatika baharini. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kwa mpigo si unakumbuka nchi nzima ilivyokuwa, hata WhatsApp ilikuwa inasuasua, sasa fikiria mtu aliyekuwa kwenye ranki siku hiyo.

Sasa pingi kubwa inakuumiza vipi kwenye gemu ya risasi. Ni kama kuangalia mechi kwenye king'amuzi wakati jirani anasikiliza redio, yeye anashangilia goli wewe bado unaona kona inapigwa. Mwenye pingi ndogo akichomoza kwenye kona anakuona wewe kabla picha yake haijafika kwako, anapiga, seva inahesabu, wewe unajikuta umelala na kwenye skrini yako ulikuwa tayari umeshajificha nyuma ya ukuta. Wengi wakifa hivyo wanadhani wamekutana na chita, yaani mtu anayedanganya kwa programu. Mara nyingi sio chita, ni umbali tu.

Kwa hiyo swali langu kwa kila gemu ya risasi inayotoka ni hili: hii gemu inamwadhibu kiasi gani mtu mwenye pingi ya 120? Na hapo ndio Battlefield 6 na Black Ops 7 zinapoachana kabisa, hata kama kwenye trela zinafanana.

Nianze na CoD kwa kuwa ndio nyumbani kwako. Black Ops 7 ilitoka tarehe 14 Novemba 2025, wametengeneza Treyarch na Raven, hadithi ipo mwaka 2035 na David Mason, mhusika wa Black Ops 2, amerudi. Kiukweli bunduki za Treyarch bado ni tamu, kile kitendo cha kulenga na kufyatua na mlio wa risasi ikiingia hakuna studio nyingi zinazowakaribia. Mwendo ndio balaa zaidi, ule mtindo wa kukimbia, kuteleza na kujirusha upande wowote ulioanza Black Ops 6 safari hii wameongezea kuruka ukuta, mtu anakuja anagonga ukuta anageuka hewani anakumaliza kabla hujajua yuko wapi. Kwa mwenye pingi ya 20 hiyo ni raha tupu. Kwa mwenye pingi ya 130 ni mateso, kwa sababu kila anapobadilisha mwelekeo wewe unaona mahali alipokuwa, sio alipo, na risasi zako zinaenda kwenye kivuli. Ramani nazo ni ndogo, sita kwa sita, unafufuka unakufa, hakuna nafasi ya akili kufidia kile mtandao ulichokunyima.

Lakini nisiwanyime haki yao. Kuna kitu kimoja kikubwa walifanya ambacho watu wa kwetu hatukukisifu vya kutosha: mechi za kawaida walizifungua, yaani mfumo wa kukupanga na watu wa uwezo wako ambao miaka na miaka watu wameulalamikia, safari hii kwenye orodha kuu wameupunguza mno. Kwetu hilo ni muhimu kuliko Marekani, maana kadiri gemu inavyohangaika kukutafutia watu wa kiwango chako ndivyo inavyolazimika kwenda kuwatafuta mbali. Na Zombi zimerudi za raundi zenye ramani kubwa kabisa, Ashes of the Damned, hapo ukiwa na washkaji watatu mtacheza hadi asubuhi, na pingi haiumi sana kwa sababu zombi hana intaneti ya kukuzidi.

Kilichoniuma ni kampeni. Walisema mnaweza kucheza watu wanne pamoja, wazo zuri, ila utekelezaji wake unamsahau mtu kama wewe. Ili ucheze hadithi, hata ukiwa peke yako chumbani, lazima uwe hewani muda wote. Huwezi kusimamisha. Ukienda kupokea mzigo getini ukakaa sana wanakutoa. Na kwa jinsi ilivyotoka ukitoka katikati ya misheni unaianza upya. Sasa weka hapo umeme wa mtaani kwako. Mtu ambaye umeme unamkatikia dakika mbili tu na ruta inazima anapoteza misheni nzima, na amelipa laki na sabini. Mimi naona gemu ya hadithi inayokataa kusimama ni gemu iliyotengenezwa bila kumfikiria mnunuzi, na hili nalisema kama mtu ambaye kampeni za Black Ops za zamani nazipenda kwa dhati.

Kwamba CoD imekufa, hapana, haijafa. Ila imechoka na wenyewe wamekiri kwa namna yao, maana Desemba 2025 Activision, wenye CoD, walitangaza hawatatoa tena Black Ops mbili mfululizo wala Modern Warfare mbili mfululizo. Black Ops 6 ilikuwa 2024, Black Ops 7 ikafuata 2025, watu wakaona wanauziwa kitu kilekile na alama za wachezaji kwenye tovuti ya Metacritic zikawa aibu.

Sasa Battlefield 6. Hii ilitoka tarehe 10 Oktoba 2025, na ili uelewe kwa nini watu walishangilia vile lazima ujue ilikotoka. Battlefield 2042 ya Novemba 2021 iliwavunja watu moyo vibaya mno, walijaza wachezaji 128 kwenye ramani tupu, wakafuta madaraja ya askari wakaweka wahusika wenye majina na mikogo, gemu ikatoka haijaiva. Safari hii EA, wenye Battlefield, walikusanya studio nne, DICE, Criterion, Motive na Ripple Effect, wakarudi kwenye kile watu walichokuwa wanakililia: wachezaji 64, madaraja manne ya Assault, Engineer, Support na Recon, na majengo yanayobomoka kweli. Beta ya Agosti peke yake ilifikisha watu zaidi ya 521,000 kwa wakati mmoja pale Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC, gemu ilipotoka ikapita 747,000, na ndani ya siku tatu ikauza nakala milioni 7. Miezi iliyofuata namba za Steam zilishuka sana, nakwambia ili mtu asije akakuonyesha grafu akakutisha, bado mechi zinapatikana.

Kwa nini hii inakufaa wewe. Kwanza, kifo sio kila kitu. Kwenye Conquest na Breakthrough, mechi za kugombania maeneo, unaweza kuwa na mauaji sita tu na bado ukawa mtu wa maana kuliko wote kwenye skwadi, kwa sababu umefufua watu, umegawa risasi, umerekebisha kifaru, umeweka bendera. Ukimkuta mwenzako amelala katikati ya barabara unaweza kumburuta hadi nyuma ya ukuta huku unamfufua, na nakuhakikishia mara ya kwanza ukimvuta mtu namna hiyo risasi zinapita juu ya kichwa utaelewa kwa nini watu wanaipenda gemu hii. Sasa angalia, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji pingi ya 20. Mapambano mengi yapo mbali kidogo, watu wanakimbia kwa uzito wa binadamu, hakuna mtu anayekurukia ukutani. Tena ukuta unaojificha nyuma yake unaweza kubomolewa, kwa hiyo anayeshinda ni anayefikiria atasimama wapi, na kufikiria hakuna milisekunde.

Mwaka wako wa kwanza kwenye PC ningekushauri uanze na Support au Engineer. Support ana ile mashine ya umeme ya kufufulia, anaweka boksi la dawa na risasi, bunduki zake za asili ni zile nzito za mkanda ambazo hazikudai ulenge kama daktari wa macho. Engineer ana roketi na tochi ya kurekebishia magari, kaa nyuma ya kifaru, kirekebishe, shuka ukatege mabomu. Recon achana nayo kwanza, kusnaipa ukiwa na pingi kubwa halafu kipanya bado kigeni mkononi utakata tamaa wiki ya kwanza. Assault utaenda baadaye mkono ukishatulia.

Kasoro zipo na ni za kweli. Ramani nyingi za mwanzo ni finyu, Saints Quarter na Empire State ni vurugu za mtaani tu, mtu anayetoka Battlefield ya zamani anatafuta upana haupati, angalau Mirak Valley ni kubwa na Operation Firestorm imerudi kutoka Battlefield 3, mafuta yanawaka kwa nyuma na vifaru vina pa kutanulia. Kampeni ni ya kawaida sana, kuna jeshi binafsi linaitwa Pax Armata, NATO imepasuka, unapiga unamaliza unasahau, usiinunue kwa ajili ya hadithi. Na kufungua vifaa vya bunduki kulikuwa kunachosha mwanzoni, mtu anayefanya kazi mchana kutwa hana muda wa kusaga bunduki moja wiki tatu.

Niseme kitu hapa pembeni kwa sababu kinanigusa. Aliyekuwa anasimamia Battlefield kwa ujumla ni Vince Zampella, na huyu ndiye mmoja wa walioanzisha Infinity Ward mwaka 2002, waliotengeneza Call of Duty ya kwanza ya 2003 na ile Modern Warfare ya 2007 iliyobadilisha kila kitu, akaondolewa 2010, akaanzisha Respawn wakatupa Titanfall na Apex Legends. Alifariki kwa ajali ya gari huko California tarehe 21 Desemba 2025. Yaani ligi hii unayoulizia, CoD au Battlefield, pande zote mbili zina mkono wa mtu mmoja, na hata ile CoD Mobile uliyokulia, namna unavyochagua bunduki, vifaa na zile zawadi za kuua mfululizo, mizizi yake ni kwenye kazi yake ya 2007. Mungu amlaze pema.

Doom: The Dark Ages. Huyo mshkaji wako wa tatu mheshimu, anajua gemu. Ilitoka tarehe 15 Mei 2025, id Software walewale, na hii ndio pekee kati ya tatu ambayo pingi yako haina habari nayo kwa sababu hakuna mechi za mtandaoni kabisa, ni wewe na mashetani. Doom Eternal ilikuwa ya kurukaruka, hii wamekushusha chini wakakupa ngao yenye meno ya msumeno, unasimama, unapokea pigo, unalirudisha kwa wakati sahihi, unairusha ngao inakata watu inarudi mkononi. Ugumu unaupanga mwenyewe, spidi ya maadui, muda wa kurudisha pigo, hata spidi ya gemu nzima. Umeme ukikatika unarudi ulipoishia kwenye sevu ya mwisho. Kadi yako inaiweza, maana gemu hii inalazimisha kadi yenye vifaa vya ray tracing na ndio maana wenye GTX 1660 na 1650 wameachwa nje kabisa, wewe weka grafiki za kati na uwashe DLSS, ile setingi ya Nvidia ya kuongeza fremu, itakwenda vizuri. Kwa nini basi sikuchagulii hii? Kwa sababu unayo hela ya gemu moja na umetoka kwenye kucheza na watu. Hadithi utaimaliza kwa wiki mbili tatu kisha utakaa unaangalia skrini. Hii isubiri punguzo la Steam, haiozi. Ila kama fayiba yenu ndio zile za kukatika kila jioni, basi geuza jibu langu lote, chukua Doom bila kujiuliza.

Na wale wasomaji wenye PS5 wanaopenda kununua diski ili wakwepe kudaunlodi, kwa Doom hii diski ya PS5 ina kama MB 85 tu, gemu lote unalivuta mtandaoni hata hivyo. Muulizeni muuzaji kabla ya kutoa hela.

Turudi kwako, suala la kugoma kufunguka. Ni kweli na lina sababu. Battlefield 6 na Black Ops 7 zote zinadai Secure Boot, kinga inayokagua programu PC inapowaka, iwe imewashwa, ni sehemu ya kupambana na machita, na kwenye beta EA walisema mfumo wao wa Javelin ulizuia majaribio zaidi ya 330,000 kwa siku chache tu. PC nyingi za kuungwaunga mafundi wanazipiga Windows kwa mtindo wa zamani, diski inakuwa MBR na bodi inawaka kwa Legacy, hapo Secure Boot haiwezi kuwaka hata ubonyeze nini. Sio kwamba PC ni mbovu, mashine yako ya kizazi cha kumi ina kila kitu kinachotakiwa. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, soma mstari wa BIOS Mode. Ukikuta UEFI, yaani mtindo mpya, kazi imebaki ndogo, unaingia BIOS (setingi za bodi) unazima CSM, ile ya kuwasha kizamani, unawasha Secure Boot na Intel PTT ambayo ndio TPM yako, kinga ya usalama ya PC. Ukikuta Legacy, kwanza hamisha picha na kazi zako kwenye flashi au hard disk nyingine, usiruke hatua hii, halafu Windows ina kifaa chake kinaitwa mbr2gpt kinachobadilisha diski bila kufuta vitu, unaanza na /validate, ikikubali unafuata /convert, zote mbili ukiziandika pamoja na /allowFullOS, ndipo uende BIOS. Ukienda BIOS kabla ya kubadilisha diski PC haitawaka utachanganyikiwa. Kama huna uhakika mpelekee fundi lakini mwambie hivyohivyo nilivyoandika, akikwambia lazima apige Windows upya na afute kila kitu tafuta mwingine. Kitu kimoja zaidi, kama unacheza na Valorant, ifunge kabisa kabla ya kuwasha Battlefield, tangu wakati wa beta mifumo yao miwili ya kuzuia machita haikuelewana.

Sasa kile cha bure nilichokuahidi. Tarehe 28 Oktoba 2025 EA walitoa Battlefield RedSec, betiroyo (mechi ya wengi hadi abaki mshindi) ya bure, haihitaji kununua Battlefield 6. Injini ileile ya Frostbite, Javelin ileile, bunduki zilezile, na unachofungua huko kinahesabika ukija kununua gemu kamili. Kwa hiyo idaunlodi leo usiku, fayiba ya Mbps 20 inavuta kama GB 9 kwa saa ikiwa hakuna mwingine anayeitumia, lala asubuhi utaikuta. Kwanza itakuambia kama Secure Boot yako iko sawa. Pili utaona kadi yako inatoa fremu ngapi. Cha tatu ndio chenyewe, washa maelezo ya mtandao kwenye setingi halafu cheza saa zako za kweli, zile saa tatu hadi saa tano usiku ambazo ndio utakuwa unacheza maisha yako yote, sio saa nane mchana Jumanne. Cheza siku kadhaa. Ukiona pingi inakaa 60 hadi 110 na haipandi na kushuka, lipia bila wasiwasi. Ikiwa 150 lakini imetulia bado utafurahia ukiwa Support. Ikiwa inaruka kutoka 90 hadi 300 kila dakika hiyo sio shida ya gemu, ni ya nyumbani, tatua hiyo kwanza. Na ukitaka kuilinganisha na CoD kwa haki, Warzone nayo ni bure, fanya jaribio hilohilo.

Hiyo shida ya nyumbani mara nyingi ni Wi-Fi. Nunua waya wa LAN, mita kumi ni hela ya chipsi mayai, toka ruta hadi PC moja kwa moja. Na wadogo zako wakiwa wanavuta video huku mama anaangalia mahubiri kwenye TV, pingi yako inapanda hata kama spidi inatosha, kuna ruta zina setingi ya kuipa PC kipaumbele, itafute.

Ukinunua, nunua Steam na sio funguo za bei rahisi za mitaani, kwa sababu Steam wanarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujacheza saa mbili. Hizo saa mbili usizimalize kwenye kampeni, nenda moja kwa moja kwenye Conquest.

Kuhusu mkono wako. Legendary ya simu ina thamani, macho yako yanajua kusoma ramani, unajua wapi mtu atatokea, hilo halipotei. Kinachoanza upya ni kipanya. Weka DPI ya kipanya 800 na uishushe sensi (wepesi wa kugeuka kwenye gemu) hadi uhitaji kusogeza mkono mzima, sio kifundo tu, kugeuka nyuma. Mtu aliyetoka kwenye dole gumba anapenda sensi kubwa kwa sababu amezoea kutelezesha kidogo, akifanya hivyo kwenye PC risasi zinapanda angani. Ichague, halafu usiibadilishe hata ukipigwa wiki nzima, mkono unahitaji kitu kimoja cha kuzoea. Uwanja wa kuona (FOV) uweke kama 100, zima ule ukungu wa kusogea (motion blur), zima na ile chenga ya filamu (film grain), hivyo havikusaidii chochote zaidi ya kukuficha adui. Na kile kidole ulichozoea kufyatulia huku unaruka, kiache. Battlefield ukiruka unakosa shabaha, simama, inama, piga risasi nne tano, acha, piga tena.

SSD yako ndio itakubana mapema kuliko kadi. Doom peke yake inataka GB 100, Battlefield ilianza na zaidi ya 50 na inaongezeka kila msimu, Windows nayo ipo humohumo. Ukipata hela kabla ya kufikiria gemu ya pili nunua SSD nyingine, hata ya GB 500, bodi yako bila shaka ina nafasi. Ukishapata pingi zako za usiku za RedSec nitumie namba, ukitaja na mtandao unaotumia, nitakwambia kama kuna cha kurekebisha kabla hujalipa.